Kuponya Pokémon: Pima Zamu Kabla ya Kufungua Begi

Katika michezo mikuu ya video ya Pokémon, viumbe ambao mchezaji huwakamata na kuwapiganisha, kuanzia ile ya kwanza iliyotoka Japani mwaka 1996, kuna mambo matatu ambayo mchezaji anapaswa kuyaangalia kwa kila Pokémon wake: HP, ambazo ndizo uhai wake; PP, ambazo huonyesha kila mbinu imebakiza mara ngapi za kutumika; na hali ya afya yake, ambayo huweza kuvurugwa na sumu, kuungua, kupooza, usingizi au kuganda. Wachezaji wengi wanaoanza huangalia HP peke yake, wakakimbilia begi mara tu mstari wake unapogeuka mwekundu. Hapo ndipo mapambano mengi hupotea, kwa sababu gharama halisi ya kuponya katikati ya pambano ni zamu wala si fedha: kila unapotoa dawa, Pokémon wako hashambulii, ilhali mpinzani anaendelea kushambulia.

Nje ya pambano mambo ni mepesi. Kituo cha Pokémon huponya timu nzima bila malipo, kikarudisha HP na PP zote, kikaondoa maradhi na kuwaamsha waliozimia. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba timu yako yote ikizimia, utarudishwa katika kituo ulichokitumia mara ya mwisho, tena ukiwa umepoteza sehemu ya fedha zako, na katika matoleo ya mwanzo sehemu hiyo ilikuwa nusu nzima. Kwa hiyo ukifika mji mpya, ingia kituoni na uponye timu hata kama haina jeraha lolote, ili ukishindwa usianze tena safari ndefu kutoka mji wa nyuma.

Ukiwa njiani utategemea dawa za begini. Potion hurudisha HP 20, Super Potion 60, Hyper Potion 120, na Max Potion hurudisha zote. Full Restore hurudisha HP zote na kuondoa maradhi kwa pamoja. Takwimu hizi zimetumika tangu matoleo ya Sun na Moon ya mwaka 2016. Kabla ya hapo Super Potion ilirudisha 50 na Hyper Potion 200, na miongozo mingi ya zamani bado inazitaja namba hizo, kwa hiyo hakikisha unajua unacheza toleo lipi kabla ya kupanga manunuzi. Katika matoleo hayo ya awali, chupa ya Fresh Water kutoka kwenye mashine ya vinywaji iliuzwa 200 kwa fedha za mchezo na kurudisha HP 50, sawasawa na Super Potion iliyouzwa 700, na anayecheza toleo la zamani hana sababu ya kulipa zaidi ya mara tatu kwa kazi ileile. Dawa za mitishamba nazo ni za bei nafuu, lakini ni chungu na hupunguza urafiki wa Pokémon kwako. Ziepuke ikiwa unamlea Pokémon ambaye hubadilika umbo kwa urafiki. Aliyezimia haponywi na Potion ya aina yoyote, Full Restore wala Fresh Water mpaka aamshwe kwanza, kwa mfano kwa Revive, ambayo humwamsha akiwa na nusu ya HP zake, au Max Revive, ambayo humwamsha akiwa nazo zote.

Sasa tuje kwenye pambano lenyewe. Tuseme Pokémon wako ana HP 150 akiwa mzima, amebakiwa na 40, na pigo la mpinzani humwondolea 55 kila zamu. Ukitumia Super Potion, dawa hufanya kazi kabla ya pigo: anapanda hadi 100, anapigwa, anabaki na 45. Umetumia chupa nzima na zamu nzima kupata HP 5, na zamu ijayo utajikuta palepale. Ukitumia Hyper Potion, anajaa hadi 150, anapigwa, anabaki na 95, na sasa unaweza kushambulia mara moja na kurudi kwenye 40 bila kuzimia. Kwa maneno mengine, kila Hyper Potion katika pambano hili hukununulia shambulio moja la salama, na kazi yako ni kujiuliza kama shambulio hilo lina thamani hiyo. Kanuni ninayoitetea ni hii: usiponye ikiwa dawa hairudishi angalau kile ambacho mpinzani ataondoa katika zamu hiyo na inayofuata. Dawa isipofikia kiwango hicho, ni afadhali umwache Pokémon huyo apige pigo lake la mwisho na azimie, kwa kuwa anayeingia badala ya aliyezimia huingia bila kupigwa, ilhali anayeingia kwa kubadilishwa kwa hiari hupokea pigo la zamu hiyo. Kisha, ukiwa na Pokémon mgumu uwanjani ambaye mpinzani hamuumizi sana, ndipo unapopata nafasi ya kumpa Revive yule aliyezimia.

Mbinu za kujiponya hufuata hesabu hiyohiyo, isipokuwa kasi nayo inaingia. Recover, Roost na Soft-Boiled hurudisha nusu ya HP kamili, yaani 75 kwa Pokémon wetu wa mfano. Akiwa na kasi kuliko mpinzani, anaweza kusubiri hadi abakiwe na HP chache, kwa kuwa ataponya kwanza ndipo apigwe. Akiwa mzito, atapigwa kwanza, na akiwa na 40 atazimia kabla mbinu haijafanya kazi, kwa hiyo inambidi aponye mapema zaidi. Zingatia pia kwamba katika matoleo ya Scarlet na Violet mbinu hizi zina PP 5 tu kwa kawaida, kwa hiyo haifai kuzitumia ovyo. Rest hurudisha HP zote na kuondoa maradhi, lakini humlaza anayeitumia kwa zamu mbili. Giga Drain humrudishia anayeitumia HP sawa na nusu ya madhara iliyosababisha, na uzuri wake ni kwamba unashambulia na kupona kwa zamu moja.

Uponyaji bora kabisa, kwa maoni yangu, ni ule usioomba zamu. Pokémon aliyeshika kitu kiitwacho Leftovers hupata sehemu moja ya kumi na sita ya HP zake mwishoni mwa kila zamu, ambazo kwa mwenye 150 ni HP 9, na katika pambano refu hujumlika kuliko unavyodhani. Tunda la Sitrus huliwa lenyewe HP zikifika nusu au chini ya hapo, na hurudisha robo. Tunda la Lum huondoa maradhi yoyote papo hapo. Katika mapambano baina ya wachezaji, ambako begi halifunguliwi, vitu hivi na mbinu za kujiponya ndivyo tegemeo lako karibu lote.

Kuhusu maradhi, si kila moja hustahili dawa. Kuungua hupunguza nguvu za mashambulizi ya kimwili hadi nusu, kwa hiyo Pokémon anayetegemea mbinu maalumu, yaani zile zisizo za kimwili, anaweza kuvumilia. Sumu kali ya mbinu iitwayo Toxic huongezeka kila zamu, lakini hesabu yake huanza upya ukimtoa Pokémon uwanjani na kumrudisha baadaye. Usingizi ndio ninaoutibu bila kusita, kwa sababu aliyelala hakupi chochote.

Katika pango refu lisilo na kituo karibu, PP ndizo huisha kwanza, na Potion haziongezi PP. Ether huongeza PP 10 kwa mbinu moja, Elixir huongeza 10 kwa mbinu zote, na tunda la Leppa hufanya kazi ya Ether. Zitunze kwa ajili ya safari za namna hiyo, kwa kuwa Pokémon aliyeishiwa PP zote hulazimika kutumia mbinu ya Struggle, ambayo humuumiza yeye mwenyewe kila anapopiga.