Jinsi ya Kupunguza Makovu ya Ndani Baada ya Upasuaji wa Tumbo

Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji hapa Lamu, na ninaandika haya baada ya kumuuguza wifi yangu, aliyejifungua kwa upasuaji. Utando laini unaofunika utumbo ukijeruhiwa hutoa nyuzi zenye kunata, ambazo mwili huziyeyusha kwa siku chache. Zisipoyeyuka hugeuka kovu linaloshikamanisha viungo.

Hatua ya 1: Zungumza na daktari kabla ya kutia sahihi. Kinga kubwa hufanyika mezani, mgonjwa akiwa amelala, kwa daktari kushika viungo taratibu na kuzuia utumbo usikauke. Mweleze kila upasuaji uliowahi kufanyiwa, na umuulize kama matundu madogo yatatosha badala ya mkato mrefu. Kuhusu glavu, mimi sikubali zenye unga, kwa sababu chembe zake zikibaki tumboni huchochea kovu. Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2017. Zipo pia karatasi maalumu zinazoyeyuka tumboni, ambazo hupunguza makovu bila kuyaondoa kabisa.

Hatua ya 2: Tembea mapema, daktari akiruhusu. Kutembea hukinga damu isigande miguuni, ingawa haijathibitishwa kwamba huzuia makovu.

Hatua ya 3: Usikandwe tumbo lenye mshono mbichi, na mkaja usifungwe kabla daktari hajakubali.

Hatua ya 4: Zijue dalili za utumbo kuziba, kwani kovu laweza kuunasa hata baada ya miaka mingi. Wifi yangu alikuwa kwao Faza, katika kisiwa cha Pate, miezi minane baada ya kujifungua, aliposhikwa na msokoto unaokuja na kuondoka, tumbo likajaa, akatapika nyongo na asitoe upepo tangu alfajiri. Jamaa walidhani ni gesi, wakampa mafuta ya mbarika, nami kwa simu nikasema asubiri kidogo, kosa ambalo bado linaniuma, kwa maana jua lilikuchwa na bahari ya kusi ikazuia mashua hadi asubuhi. Mgonjwa wa namna hii asipewe chakula wala dawa ya kuharisha. Akipata choo kidogo msitulie, kwa sababu kilichokuwa chini ya kizuizi huweza kutoka ilhali juu kumefungwa. Maumivu yakiwa ya mfululizo, tumbo likakakamaa au homa ikapanda, huenda damu haifiki kwenye utumbo, na hapo kila saa ina thamani. Mkifika hospitali, tajeni upasuaji wa zamani kabla ya jambo lolote. Si kila aliyezibwa hupasuliwa tena, na kila upasuaji waweza kuleta makovu mapya. Wifi yangu aliwekewa mpira wa puani na maji ya mshipa, na siku ya tatu utumbo ukafunguka.

Hatua ya 5: Kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, omba maelezo ya upasuaji kwa maandishi, uyaweke pamoja na kadi ya kliniki.