Kichwa cha jarida la barua pepe: neno zito litangulie

Wengi watasoma jarida lako kwenye simu, na simu hukata kichwa kirefu baada ya herufi 40 hivi. Kichwa kama "Jarida Letu Toleo la 12: Taarifa Mbalimbali kwa Wakulima" hakimwambii mkulima kitu. Andika "Viwavijeshi: kagua mahindi asubuhi".

Kisha tazama sentensi ya kwanza. Programu nyingi za barua pepe huionyesha chini ya kichwa kabla barua haijafunguliwa, nawe pengine umeijaza "Ni matumaini yetu hamjambo nyote"! Anza na jambo lenyewe: "Fungua majani machanga ya katikati, ndiko wanakojificha." Salamu zije mstari wa pili, kuziacha kabisa, kwetu sisi, ni utovu wa adabu.