Somo: Kunyoosha pikipiki iliyoanguka ukiwa nyumbani, bila gereji

Pikipiki ikianguka, wengi wetu hukimbilia duka la spea: taa kubwa, indiketa, vioo, leva ya klachi. Pesa zikiisha ndipo mtu anagundua shingo ya fremu, pale usukani unapoungana na fremu, imepasuka, na spea zote mpya zimefungwa kwenye chuma kisichofaa kurudi barabarani. Kwa hiyo tutaanza na vile vinavyobeba uhai wa dereva na abiria: fremu, shoki za mbele, magurudumu na breki. Vilivyoharibika sura tu vitangoja.

Naandika nikifikiria Boxer na TVS zenye spoki na breki za ngoma, kwa sababu ndizo zilizojaa steji za huku kwetu Kakamega, Mumias mpaka Luanda. Ukiwa na aina nyingine, hatua ni zilezile, vipimo ndivyo utakavyovitafuta kwenye kitabu chake.

Vifaa: spana za kawaida kuanzia namba 8 hadi 17 na ile kubwa ya ekseli, bisibisi, koleo, nyundo ya mpira au kipande cha mbao, futi, uzi wa fundi wa nyumba, kipande cha kioo cha dirisha kilichonyooka, sinia kuukuu na mikebe ya kuwekea nati. Anza asubuhi. Mvua ya huku inapenda kushuka alasiri, na hutaki beringi zikiwa wazi wakati huo. Turubai liwe karibu. Kila unachofungua, kipige picha kwa simu kwanza.

KABLA YA SPANA YOYOTE

Funga koki ya tangi, toa waya hasi wa betri, na sogeza pikipiki mbali na jiko. Usijaribu kuwasha injini "kuona kama iko sawa". Pikipiki ikilala ubavu, oili inaweza kupita ikaingia kwenye boksi la hewa na hata juu ya pistoni. Oili haibanwi kama hewa. Ukipiga kiki kwa nguvu ikiwa imejaa pale juu, unaweza kukunja konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni, na hapo hasara inakuwa kubwa kuliko ya ajali yenyewe. Toa plagi, iache kwenye waya wake na uigusishe kwenye chuma cha injini, mbali na tundu lake, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono mara kadhaa. Kama kuna oili au petroli itarukia nje. Fungua pia filta ya hewa; ikiwa imelowa, isafishe au ibadilishe. Pima oili ya injini, ongeza iliyopungua.

HATUA YA 1: SHINGO YA FREMU

Toa tangi na kiti. Osha eneo lote la shingo kwa mafuta taa na brashi, kisha sabuni na maji, ukaushe. Sasa angalia kwa tochi pale ambapo mabomba ya fremu yamechomelewa kwenye shingo, juu na chini. Unatafuta rangi iliyokunjamana au kubambuka, na mstari mwembamba wa kutu au weusi unaofuata ungio la kuchomelea. Rangi haikunjamani yenyewe, chuma kilicho chini yake ndicho kilichosogea.

Halafu pima. Nenda steji, omba jamaa mwenye pikipiki ya aina ileile na mwaka unaokaribiana, upime kutoka katikati ya bolti ya swingamu (mkono unaobeba gurudumu la nyuma) hadi katikati ya ekseli ya mbele, kulia na kushoto, usukani ukiwa umenyooka. Linganisha na yako. Ikiwa yako ni fupi pande zote mbili, ama shoki zimerudi nyuma ama shingo imesukumwa, na hatua ya 3 itakuambia ni ipi. Ikiwa ni shingo, kazi ya nyumbani imeishia hapo. Fremu iliyopasuka au kusogea shingoni haichomelewi chini ya mwembe. Tafuta fundi mwenye mashine ya kunyooshea fremu, la sivyo tafuta fremu nyingine, na uulize kabisa habari za logbook, maana namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu.

HATUA YA 2: KUINUA SEHEMU YA MBELE

Stendi ya kati pekee haitoshi. Weka kreti ya soda au gogo lililokatwa sawa chini ya injini, na ubao juu yake ili uzito usibonyeze sehemu moja. Ukiwa na tawi nene la parachichi au boriti imara, funga kamba kwenye shingo ya fremu iwe ya kushikilia isianguke, wala si ya kubeba uzito wote. Watoto wasikaribie.

Gurudumu likiwa juu, zungusha usukani polepole kutoka kona hadi kona. Ukihisi unanasa katikati, gololi za shingo zimechimba vishimo kwenye bakuli zake. Hilo hutokea sana kwa ajali ya kugonga mbele, na dawa yake ni kubadilisha seti nzima, gololi na bakuli zote. Ukishika miguu ya shoki ukaivuta mbele na nyuma ikacheza, nati ya shingo imelegea.

HATUA YA 3: SHOKI ZA MBELE

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi huuziwa spea wasizohitaji.

Ukiona usukani umeangalia upande mmoja na gurudumu upande mwingine, usikate tamaa. Mara nyingi hakuna kilichokunjika. Shoki zimejipinda tu ndani ya vile vishikio viwili vinavyozibana pale shingoni, cha juu na cha chini. Legeza ekseli, bolti za kishikio cha chini na za kishikio cha juu, na madgadi kama imeshikana na shoki zote mbili. Simama mbele ya pikipiki, bana gurudumu katikati ya magoti, shika usukani na uupinde kuurudisha mahali pake. Ishushe chini, shika breki ya mbele na ubonyeze shoki mara kadhaa zijikalishe zenyewe. Sasa kaza: kishikio cha chini kwanza, kisha cha juu, ekseli mwisho. Ukikaza ekseli kabla shoki hazijajikalisha, unazifungia zikiwa zimepinda.

Ikiwa bado haijanyooka, toa gurudumu na uchomoe shoki. Safisha bomba la ndani, lile linalong'aa, uliviringishe juu ya kioo cha dirisha huku umeinama macho yako yakiwa usawa wa kioo. Bomba lililonyooka linateleza kimya, mwanga hauonekani chini yake. Lililokunjika linadunda, na utaona mwanga unafunguka na kufunga kila mzunguko. Viringisha na ekseli pia. Mabomba yakinyooka lakini gurudumu bado liko nyuma au upande, kishikio cha chini kimepinda, au shingo.

Ukirudisha shoki, oili mpya, kiasi sawasawa kila upande kwa kipimo cha kitabu. Chupa ya dawa ya mtoto yenye alama za mililita inafaa sana. Sili za oili badilisha zote mbili hata kama ni moja iliyovuja.

HATUA YA 4: GURUDUMU

Funga kipande cha waya kwenye mguu wa shoki, ncha yake ikikaribia rimu bila kugusa. Zungusha gurudumu. Ncha ikikaribiana na rimu upande wa kulia, legeza kidogo spoki za kulia za eneo hilo na ukaze za kushoto, robo mzunguko tu kwa kila spoki, kisha zungusha tena. Usifanye haraka. Rimu ikicheza chini ya milimita 2 inatosha. Yenye ufa au iliyobonyea mdomoni itupwe, hasa kwa anayebeba abiria.

HATUA YA 5: BREKI YA MBELE

Unaporudisha gurudumu, ile sahani ya breki ina mfereji, na mguu wa shoki una kiulimi cha chuma. Kiulimi lazima kiingie ndani ya mfereji. Kisipoingia, siku utakayoshika breki sahani itazunguka pamoja na gurudumu, kebo itajikunja, gurudumu litafunga na utaruka juu ya usukani. Kagua kwa macho, kisha kwa kidole, kisha umwite mtu mwingine akague.

HATUA YA 6: UZI

Funga uzi nyuma ya tairi la nyuma, nusu ya kimo cha gurudumu au chini kidogo, mahali usipozuiwa na stendi. Vuta ncha zote mbili mbele, moja kila upande, mpaka uzi uguse tairi la nyuma mbele na nyuma yake. Tairi la mbele ni jembamba, kwa hiyo litaacha nafasi pande zote mbili. Nafasi ya kulia iwe sawa na ya kushoto. Isipokuwa sawa, anza na virekebisho vya cheni, maana mara nyingi gurudumu la nyuma ndilo limekaa upande. Cheni icheze kama sentimita 2 na nusu hadi 3 katikati.

VILIVYOBAKI

Leva ya aluminiamu iliyopinda usiinyooshe, itakukatikia mkononi barabarani. Mpya ni bei nafuu. Chuma cha vikanyagio kinaweza kupashwa moto na kunyooshwa. Usukani uliokunjika badilisha. Kava ya injini yenye ufa mdogo inazibika kwa gundi ya chuma ukiipiga msasa na kuosha oili yote. Waya zinazopita shingoni zifuatilie kwa vidole kutoka taa hadi chini ya tangi, na zilizokatika zichomelewe kwa risasi kabla ya tepu.

Tangi linalovuja usilichomelee nyumbani, hata likiwa tupu tangu wiki jana. Mvuke wa petroli hubaki ndani na unalipuka.

Ukimaliza, sukuma kwa miguu na ushike breki. Kisha mwendo mdogo kwenye lami isiyo na magari. Siku inayofuata, kaza nati zote tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Mumias): Fundi, niligongana na trekta ya miwa. Nimenyoosha kila kitu lakini nikiachia usukani inavuta kushoto. Uzi unaonyesha sawa.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Kama uzi uko sawa, inua mbele usikilize shingo. Nati ikikazwa kupita kiasi, usukani unanata upande mmoja. Kisha linganisha oili ya shoki zote mbili. Na kabla ya hayo yote, pima upepo wa matairi.

Swali (Nyalenda, Kisumu): Kuna fundi anataka kuninyooshea bomba la shoki kwa presi. Nikubali?

Jibu: Ikiwa kupinda ni kidogo na hakuna alama ya kukunjika, presi inaweza. Lakini pitisha ukucha juu ya bomba baada ya kazi. Ukucha ukinasa, kromu imepasuka, na itakula sili mpya kila mara. Likiwa na kikunjo unachokiona kwa macho, nunua lingine. Mimi kwa pikipiki ya kubeba abiria nanunua.

Swali (Luanda): Mimi ni mama, pikipiki ni yangu, naendeshewa na kijana. Baada ya kuanguka inatoa moshi mwingi mweupe. Kijana anasema injini imekufa, ifunguliwe.

Jibu: Mama, isifunguliwe bado. Muulize kama ililala ubavu kwa muda. Kama ni hivyo, huenda ni oili iliyoingia kwenye boksi la hewa na eksosi, na hiyo huungua ikaisha. Asafishe boksi na filta, oili ijazwe kipimo chake, kisha iwashwe taratibu. Moshi ukiendelea siku nzima na oili ikipungua, hapo ndipo mzungumze habari za ringi za pistoni.

Swali (Bungoma): Kuna mtu aliumia kwenye ajali. Naweza kuanza matengenezo huku tukielewana kando?

Jibu: Hapana. Ajali iliyoumiza mtu inapaswa kuripotiwa polisi, na sheria inatoa saa 24 kwa muda wa mwisho. Pikipiki isiguswe mpaka ikaguliwe na uruhusiwe kuichukua. Ukibadilisha shoki kabla ya ukaguzi, umejiondolea ushahidi ambao pengine ungekusaidia.

Swali (Webuye): Nauziwa iliyowahi kuanguka, imepakwa rangi vizuri. Nitajuaje?

Jibu: Omba tangi litolewe. Muuzaji akikataa, ondoka. Akikubali, tazama shingo: rangi mpya pale na kwingine rangi ya zamani ni swali analopaswa kulijibu. Zungusha usukani mpaka kona zote na utazame vizuizi vyake vya chuma. Kimoja kikiwa kimebonyea, usukani uligongwa kwa nguvu.

Swali (Webuye, tena): Na kofia niliyopewa pamoja nayo?

Jibu: Kofia iliyogonga chini mara moja haitegemeki tena hata kama haina ufa, kwa sababu povu la ndani huenda limeshabanwa. Hujui ilipitia nini. Nunua mpya, yako na ya abiria.