Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kulivisha Gari la Wazi Paa Gumu

Kulivisha paa gumu gari la michezo la wazi ni kazi ya dakika kumi. Watu wawili wanashika, wanahesabu moja, mbili, tatu, paa linakaa, makomeo yanafungwa, basi. Ila dakika hizo kumi hazina huruma. Ulichokisahau kabla ya kuinua ndicho kitakachochubua rangi, kulowesha zulia, au kukuacha umesimama na paa mikononi na huna pa kulitua. Mara yangu ya kwanza nililiosha paa vizuri, nikasugua kioo chake hadi kikang'aa, nikajiona niko tayari. Gari lenyewe sikuligusa. Hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu sehemu kubwa ya maandalizi iko kwenye gari.

Kwanza hakikisha paa ni la gari hilo. Jina pekee halitoshi. Chukua Mazda MX-5: kizazi cha kwanza, cha 1989 hadi 1997, na cha pili, cha 1998 hadi 2005, vinaazimana mapaa bila ugomvi, lakini paa hilo hilo halikai kwenye kizazi cha tatu. Muuzaji akisema linakaa kwenye gari zote za jina hilo, mwulize mwaka. Kisha uliza limetengenezwa kwa nini. La kiwandani la Honda S2000, kwa mfano, ni la alumini. Mengi yanayotengenezwa na watu wa pembeni ni ya faiba, na baadhi huja bila matundu ya bolti, bila mipira, bila kitambaa cha ndani, na kingo zinahitaji msasa ndipo zikae. Hilo si kosa, ila linageuza mpangilio wa kazi: paa la namna hiyo ulijaribishe kwenye gari kabla ya kulipeleka kupakwa rangi. Nimeona mtu akikata ukingo wa paa lililokwisha kupakwa rangi ya gari lake, taratibu, huku ameuma meno.

Kama unanunua lililotumika, kabla hujashangilia bei kagua vidude vidogo. Makomeo ya mbele yapo yote mawili? Ya pembeni yana vyuma vyake vya kupokelea, vile vinavyofungwa kwenye bodi nyuma ya milango? Mabano ya nyuma na bolti zake viko wapi? Paa lina kufuli, na ufunguo upo? Muuzaji aliyelivua paa miaka mitano iliyopita huwa ameviweka vyote kwenye mfuko, na mfuko haujulikani ulipo. Paa bila vyuma vyake ni pambo la ukutani. Pitisha kidole kwenye pembe zote, hasa chini ya kioo cha nyuma na pale makomeo yanaposhikia, kwa sababu nyufa huanzia hapo.

Sasa njoo kwenye gari, na hapa usiharakishe.

Turubai, yaani paa laini la kitambaa la gari lenyewe, utalifanyaje? Kwenye magari mengi paa gumu huvishwa turubai likiwa limekunjwa chini yake, na wengi huliacha hapo msimu mzima. Hakuna ubaya, mradi likunjwe likiwa kavu kabisa. Likikunjwa na unyevu, ukungu utalila taratibu bila wewe kujua, na siku ukilifungua utapokelewa na harufu kwanza. Kama dirisha lake la nyuma ni la plastiki, kama lilivyo kwenye MX-5 ya kizazi cha kwanza, fungua zipu yake na ulilaze wazi kabla ya kukunja. Plastiki iliyokunjwa kwa nguvu hupata mstari usiofutika, na ikiwa baridi hupasuka kabisa. Wengine hutandika taulo safi juu ya plastiki hiyo ili isisuguane na kitambaa. Kuna pia wanaolitoa turubai zima pamoja na chuma chake, gari lipungue uzito na nafasi iongezeke nyuma ya viti. Mimi silipendekezi hilo kwa gari la kila siku, kwani siku utakapolivua paa gumu mvua haitakungoja urudi nyumbani.

Turubai likiwa bado limesimama, angalia njia za maji. Watu wengi huliruka hili, na hilo ndilo linaloozesha magari. Maji yanayotiririka kutoka kwenye turubai hupokelewa na mfereji ulio chini ya ukingo wake wa nyuma, kisha hushuka kwenye matundu mawili, kulia na kushoto, na kutokea chini ya gari. Kwenye MX-5 matundu hayo yako nyuma ya nguzo za mikanda ya usalama na maji hutokea karibu na magurudumu ya nyuma. Majani, vumbi na manyoya ya turubai hushikana humo na kuwa kitu kama udongo wa mfinyanzi. Mwaga kikombe cha maji taratibu kwenye mfereji, kisha inama chini usikilize. Yakishuka upande wa kulia mara moja na upande wa kushoto yakadondoka tone tone, umeshapata kazi ya asubuhi hiyo. Zibua kwa waya laini wa plastiki au mrija, usitumie waya mgumu, maana unaweza kutoboa bomba au kulichomoa mahali pake. Usijipe moyo kwamba paa gumu litazuia maji yote yasifike huko. Mipira yake huzeeka, na maji kidogo yanayopita yakikosa pa kutokea yatajaa ndani ya vizingiti vya milango na kuanza kula chuma mahali usipopaona.

Safisha sehemu zote ambazo mipira ya paa itagusa: juu ya fremu ya kioo cha mbele, kando ya nguzo zake, na kwenye bodi nyuma ya viti. Chembe moja ya mchanga chini ya mpira, ikichanganyika na mtikisiko wa barabara, ni msasa. Mipira yenyewe ioshe kwa maji na sabuni laini, iache ikauke, kisha ipake grisi ya silikoni kidogo sana. Mafuta ya mgando na grisi ya kawaida ya fundi yaache kando, kwani huvimbisha mpira na kuulegeza. Ukiukuta umelala bapa na haurudi ukiubonyeza kwa kidole, ubadilishe sasa, usingoje kuona kama utavuja. Utavuja.

Upande wa umeme hauna mambo mengi. Kama kioo cha nyuma cha paa kina nyuzi za kupasha joto, tafuta plagi yake kwenye gari. Gari lililozaliwa na turubai la dirisha la plastiki huenda halikuwekewa waya huo, kwa hiyo pima kwanza kama umeme unafika. Na uizoee ile plagi ilipo, kwa sababu siku ya kuvua ndiyo inayosahaulika, mtu anainua paa na waya unakatika.

Siku ya kazi, egesha gari mahali palipo sawa, magurudumu yote manne yakiwa chini, handibreki imevutwa. Usijaribu kuvisha paa gari likiwa juu ya jeki. Gari la wazi halina paa la kulishikilia, bodi yake hujipinda kidogo tu ukiinua kona moja, na hiyo kidogo inatosha makomeo yakatae kukutana. Shusha vioo vya milango hadi chini kabisa. Bandika tepu ya karatasi kwenye rangi nyuma ya milango, pale ncha za paa zinaposhukia, na kwenye pembe za fremu ya kioo cha mbele. Vua saa, pete na mkanda wa suruali wenye chuma, na mwambie mwenzako avue vyake.

Mwenzako ni wa lazima. Paa la MX-5 lina kama kilo 20, na mtu mwenye mgongo mzima anaweza kulibeba peke yake, nami nimeshaona wakifanya hivyo. Lakini kubeba si kulenga. La Mercedes-Benz SL ya 1989 hadi 2001, ingawa ni la alumini, linapita kilo 30, na hilo hata usilifikirie ukiwa peke yako. Kama unaishi peke yako, funga kapi imara kwenye boriti ya gereji, ila hakikisha boriti na kamba vinastahimili uzito mkubwa kuliko wa paa, na kwamba mikanda ya kubebea haibonyezi kioo. Upepo nao upime. Paa lililoinuliwa ni tanga, na wewe ndiye mlingoti.

Kabla ya kuinua, elewaneni. Nani anahesabu, mnapita upande gani, ncha ipi inatua kwanza, na mkisema "simama" mnasimama hapo hapo. Sisi hatukuelewana. Mimi nilidhani tunatua nyuma kwanza, mwenzangu akadhani mbele, akashusha upande wake, na ncha ya kushoto ikachora mstari wa urefu wa kidole kwenye rangi nyuma ya mlango. Tepu sikuwa nimeweka. Kwenye magari mengi njia salama ni kutembea na paa kutoka nyuma ya gari, mmoja kila upande, kulishusha likiwa limesawazika, kuingiza sehemu za nyuma kwenye nafasi zake, kisha kulilaza mbele juu ya fremu ya kioo. Lakini kitabu cha gari lako ndicho chenye neno la mwisho, na kisome jana yake, si paa likiwa hewani.

Makomeo nayo yasikazwe moja moja hadi mwisho. Yashike yote kwanza kwa ulegevu, ya mbele, ya pembeni na ya nyuma, utazame kama nafasi kati ya paa na bodi iko sawa kulia na kushoto, ndipo ukaze kidogo kidogo kwa zamu. Komeo likihitaji nguvu ya kung'ang'ana, kuna kitu hakijakaa mahali pake. Likijifunga lenyewe kwa kidole kimoja, limelegea mno. Kisha kata kipande cha karatasi, kibane kati ya mpira na kioo au fremu, ujaribu kukivuta. Kikitoka bila ubishi, maji yatapita hapo. Fanya hivyo kila baada ya kiganja kimoja kuzunguka paa lote, halafu pandisha vioo vya milango polepole uone kama vinaingia kwenye mpira bila kuukunja. Ndipo uje na bomba la maji, presha ndogo, ukianzia chini kwenda juu, mtu mmoja akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu utaona maji yameingia ila hutajua yameingilia wapi.

Jambo moja linachanganya watu: paa gumu linakukinga na mvua, baridi, kelele na mwizi mwenye kisu. Halikukingi gari likipinduka. Kama gari limefungwa rolibaa, lile bomba la chuma nyuma ya viti la kukinga vichwa gari likipinduka, pima kabla ya kununua paa kama litapita juu yake bila kugusana, maana baadhi ya rolibaa ndefu huugusa upande wa ndani wa paa au kioo chake cha nyuma.

Tayarisha pia pa kuliweka siku utakapolivua, na ufanye hivyo kabla ya kulivisha. Lisiegemee kioo chake, lisilale juu ya mipira yake kwenye sakafu, lisikae karibu na kitu cha moto. Stendi yenye magurudumu na sponji nene ndiyo nafuu, na kifuniko kiwe cha kitambaa kinachopitisha hewa, si nailoni inayofungia unyevu.

Baada ya safari ya kwanza, hata kama ni fupi, shika spana urudie bolti za vile vyuma vya kupokelea ulivyovifunga kwenye bodi. Mlio mdogo unaousikia nyuma ya sikio la dereva kwenye barabara mbovu mara nyingi unatoka hapo.