Namna ya Kukusanya Vitabu vya Kale vya Ugiriki na Roma Ukiwa Tabora

Watu wakisikia nakusanya vitabu vya zamani kuhusu Wagiriki na Warumi, swali lao huwa moja: Tabora hii unavipata wapi? Navipata hapa hapa. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walikuja huku na masanduku ya vitabu, na seminari ya Kipalapala imelea mapadre tangu enzi ambazo bila Kilatini huwezi kusoma misa. Wenyewe wengi wameshatangulia mbele ya haki, lakini vitabu vyao vimebaki kwenye makabati ya ndugu na masanduku ya bati chini ya vitanda. Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza na mwenye kipato cha kawaida.

Hatua ya 1: Shika uzi mmoja

Usiseme unakusanya "vitabu vya Ugiriki na Roma". Hiyo ni bahari, na utaishia kuwa na rundo. Tafuta swali linalokunyima usingizi, kisha nunua vinavyolijibu tu.

Uzi wangu ni huu. Plutarch, Mgiriki aliyeishi chini ya utawala wa Roma, aliandika maisha ya Warumi Caesar, Brutus na Antony. Mwaka 1559 Jacques Amyot akayatoa kwa Kifaransa. Thomas North akachukua Kifaransa hicho akakitia Kiingereza mwaka 1579, na humo ndimo Shakespeare alimochota tamthiliya yake ya *Julius Caesar*. Kisha Mwalimu Nyerere, aliyeingia Tabora kusoma mwaka 1937 na baadaye akafundisha hapa hapa shule ya St. Mary's, akaifasiri tamthiliya hiyo kwa Kiswahili mwaka 1963, akaipitia upya ikatoka tena 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Kigiriki, Kifaransa, Kiingereza, Kiswahili. Kila ninachonunua sharti kiwe pete ya mnyororo huo, na toleo la 1963 nalithamini kuliko kitabu chochote cha ngozi kutoka Ulaya.

Uzi unaokoa pesa. Plutarch wa Loeb, mfululizo wa vitabu vya Kigiriki na Kilatini vyenye tafsiri ya Kiingereza, ana juzuu 11, zilizotoka kati ya 1914 na 1926 kwa tafsiri ya Bernadotte Perrin. Mimi nahitaji tatu tu: ya 6 yenye Brutus, ya 7 yenye Caesar, na ya 9 yenye Antony. Muuzaji akiniletea ya 3, namshukuru na kumrudishia.

Anayependa pwani anaweza kuanza na *Periplus*, mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza unaoitaja Rhapta, soko la Azania, yaani pwani yetu ya Afrika Mashariki. Tafsiri ya Schoff ni ya 1912, ya Casson ni ya 1989. Anayependa maziwa aanze na Ptolemy, mwanajiografia wa kale, na Milima yake ya Mwezi aliyoitaja kuwa chanzo cha Nile, kisha aje kwa wapelelezi Waingereza Burton na Speke waliofika Kazeh, yaani hapa Tabora, mwaka 1857.

Hatua ya 2: Jifunze rangi

Nyumbani kwa watu hupewi muda wa kupekua. Unakaribishwa sebuleni, unaliona kabati kwa mbali, na jicho lako ndilo linaloamua kama utaomba kusogea.

Vitabu vidogo vya kijani ni Loeb ya Kigiriki. Vyekundu ni Loeb ya Kilatini. Vilianza kutoka 1912, lugha ya asili kushoto, Kiingereza kulia. Vitabu vya mwanzo vya Penguin Classics, mfululizo wa tafsiri za Kiingereza ulioanza na *Odyssey* ya E. V. Rieu mwaka 1946, vina pambizo la kahawia kwa Kigiriki na la zambarau kwa Kilatini. Kwa kuwa wamisionari wengi wa huku walitumia Kifaransa, jihadhari usipite mfululizo wa Budé, ulioanza 1920: njano yenye bundi ni Kigiriki, nyekundu yenye mbwamwitu jike ni Kilatini. Watu huvidharau kwa sababu hawasomi Kifaransa, kwa hiyo bei huwa ya huruma.

Hatua ya 3: Soma ukurasa wa jina

Vitabu vya kale huficha mwaka na mji. Mwaka huandikwa kwa namba za Kirumi: MCMXII ni 1912. MDCCCLXXXVIII ni 1888. Miji nayo huandikwa kwa Kilatini: Lipsiae ni Leipzig, Oxonii ni Oxford, Parisiis ni Paris. Mtego mkubwa ni Lugduni. Peke yake ni Lyon ya Ufaransa, lakini ikiandikwa Lugduni Batavorum ni Leiden ya Uholanzi.

Geuza nyuma ya ukurasa huo. Mwaka wa kwanza kutajwa si lazima uwe mwaka wa nakala uliyoshika. Shuka hadi mstari wa mwisho wa orodha ya chapa.

Hatua ya 4: Tafuta watu kabla ya vitabu

Muulize katekista mstaafu, mwalimu wa zamani, fundi anayejalidi vitabu, mjukuu wa padre. Nenda alasiri, usiende na begi kubwa, na usizungumzie bei siku ya kwanza. Mzee mmoja wa maeneo ya Kwihara nilimwendea mara tatu. Mara ya tatu aliniuliza:

"Mwanangu, hivi ni vya darasani. Nani atavisoma leo?"

"Mimi, mzee. Na nikishindwa, nitakuja unifundishe."

Aliamka, akafungua sanduku, akaanza kunisomea Kilatini kwa sauti ya kanisani, bila kukwama, macho ameyafumba. Nilinunua vitabu viwili. Niliendelea kwenda kwake hata baada ya sanduku kubaki tupu.

Hatua ya 5: Angalia muhuri

Hapa sina mjadala. Kitabu chenye muhuri wa maktaba, shule au seminari ni mali ya taasisi hiyo mpaka kiwe na alama ya kuondolewa rasmi. Usipoiona, usilipe hata kama unakitamani. Kirudishe au mshauri muuzaji akirudishe. Nimewahi kuacha Loeb nyekundu nzuri sana kwa sababu hii, na ningeiacha tena. Tukinunua vilivyochomolewa, tunawalipa watu wamalizie maktaba chache tulizobakiwa nazo.

Jina la mtu binafsi ni jambo jingine. Jina la mwanafunzi, mwaka, maelezo ya penseli pembeni: usifute. Hiyo ndiyo safari ya kitabu.

Hatua ya 6: Kagua bila haraka

Hesabu kurasa, hasa za mwisho, na ramani zilizokunjwa. Fungua katikati uone kama uzi wa mshono umelegea. Nusa, harufu ya ukungu haidanganyi. Vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga mpya ni dalili kwamba wadudu bado wapo.

Kitabu chenye wadudu nakifunga vizuri kwenye mfuko wa nailoni na kukiweka kwenye friza kali kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko mpaka kirudi kwenye joto la kawaida, la sivyo unyevu utaganda juu ya karatasi. Chenye ukungu nakikausha kivulini penye upepo, kisha nausugua nje kwa brashi laini nikiwa nimefunika pua. Jua kali usilitumie: linapausha jalada na kukausha gundi.

Hatua ya 7: Mchwa

Mwaka mmoja nilikuwa na boksi sakafuni, nikasafiri masika. Niliporudi, juu vitabu vilikuwa salama. Chini mchwa walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa saruji na kuacha majalada matupu. Nilipoteza juzuu ya 9, ile ya Antony, na mpaka leo sijaipata nyingine.

Tangu hapo rafu yangu iko mbali na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, ili njia za udongo zionekane mapema. Kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari. Kitabu cha chini kabisa kiko juu kuliko usawa wa goti langu. Mvua zikianza Novemba, kila Jumamosi natoa vitabu vyote, napangusa, napitisha tochi nyuma ya rafu.

Mwisho, ukurasa wa ndani wa jalada la nyuma, andika kwa penseli laini: tarehe, mahali ulipokipata, bei, na kilikuwa cha nani kama mwenyewe ameridhia. Kalamu ya wino iache mezani.