Umeandikiwa skani ya nyuklia? Soma haya kabla hujakata tiketi ya basi

Watu wengi wakisikia neno nyuklia hospitali wanawaza bomu, afu wanawaza nywele kunyonyoka, afu wanaanza kutafuta mtu wa kuwaambia wasiende. Twende taratibu. Skani hizi, iwe ya mifupa, ya figo, ya moyo, ya tezi ya shingo au hii ya PET inayotumika sana kutafuta kansa, zinafanya kazi hivi: unapewa dawa kidogo sana yenye mionzi, mara nyingi kwa sindano, dawa inasafiri mpaka kwenye kiungo kinachotafutwa, afu we mwenyewe ndo unakuwa unatoa mionzi na mashine imekaa tu inapokea. Kwenye eksirei mashine ndo inarusha, huku ni kinyume. Ukishalielewa hilo mengine yote yanaeleweka yenyewe, manake dawa ikishaingia inakutana na chakula ulichokula, vidonge ulivyomeza, sukari yako, hata ile mechi uliyocheza jana jioni.

Sasa la kwanza kabisa ni simu. Kabla hujatoka Songea au Kigoma kwenda hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar, au hujavuka mpaka kwenda Nairobi kwa ajili ya PET, pigia idara uulize dawa ipo na siku hiyo mashine inafanya kazi. Unaweza ukaona ni jambo dogo ila hapa ndo watu wanapoteza nauli. Dawa inayotumika zaidi duniani ni teknesiamu 99m, na kila baada ya masaa 6 nusu yake inakuwa imeisha, yaani ikitayarishwa saa mbili asubuhi, saa nane mchana imebaki nusu, saa mbili usiku robo. Ni kama barafu ya stendi, huwezi kuiweka stoo. Ndo maana hospitali inaletewa chombo chenye molibdenamu 99 ambayo inazaa teknesiamu kila siku, na hiyo nayo inapungua nusu kila masaa 66, kwa hiyo baada ya wiki imebaki kama sehemu moja ya sita na lazima kije chombo kingine kwa ndege. Vinu vya nyuklia vinavyotengeneza molibdenamu duniani ni vya kuhesabu, kimoja kiko Pelindaba Afrika Kusini. Kile cha Chalk River kule Kanada kilivyozimwa Mei 2009 mpaka Agosti 2010, na cha Petten Uholanzi nacho kikaingia matengenezo humo humo katikati, skani zilipungua mpaka kwenye nchi tajiri. Kwa hiyo ndege ikichelewa au kinu kikizimwa, we wa Songea unakaa gesti bure. Dawa ya PET ndo usiseme, inatumia florini 18 na hiyo nusu inaondoka kila dakika 110 hivi, ndo maana hospitali kama Aga Khan Nairobi na ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta zina mtambo wa kuitengeneza hapo hapo. Ukichelewa masaa mawili kwa foleni ya Thika Road dozi yako haikusubiri, imeshakuwa nusu.

Na ukipiga hiyo simu taja kila kitu, usione aibu. Una mimba au unahisi? Hedhi imechelewa? Unanyonyesha? Una kisukari, pumu, figo? Umepiga CT (ile eksirei inayozunguka mwili) ya kuchomwa dawa hivi karibuni? Hili la mwisho watu hawalitaji na lina uzito kwa wale wa tezi, manake dawa ile ya CT ina madini joto mengi sana, yaani ayodini, tezi inashiba, ukija kupewa ayodini ya mionzi inaikataa, na hapo unaweza ukaambiwa usubiri wiki 6 au zaidi. Chumvi ya madini joto, dagaa na samaki wa baharini, vidonge vya tezi, dawa ya moyo inayoitwa amiodaroni, vyote vinaingia humo humo. Na ndugu zangu wa Zanzibar, ule mwani mnaotengenezea juisi na unga wa lishe umejaa madini joto, kwa hiyo kama unakunywa kwa afya mwambie daktari na uache mapema kadri atakavyokuelekeza. Ila dawa ya kuandikiwa usiache kwa kichwa chako, anayesimamisha ni aliyeiandika.

Skani ya moyo ina kisa chake, nacho ni kafeini. Masaa 12 mpaka 24 kabla hamna chai ya majani, hamna kahawa, hamna soda za kola, hamna chokoleti wala vinywaji vya kuongeza nguvu, kwa sababu kafeini inazuia ile dawa ya kutanua mishipa isifanye kazi na picha inatoka ya uongo. Panadol Extra nayo ina kafeini! Mtu kakwepa chai siku nzima, usiku kichwa kikamuuma kameza viwili, asubuhi karudishwa nyumbani. Mwenye pumu aseme kabla, kuna dawa za kipimo hiki zinabana kifua.

PET ndo yenye masharti mengi. Dawa yake ni sukari iliyotiwa mionzi, seli za kansa zinaila kwa fujo kwa hiyo zinang'aa kwenye picha, lakini msuli uliochoka nao unaila. Kwa hiyo siku moja kabla hamna kubeba zege, hamna mpira, hamna jim. Usile kitu kama masaa 6, maji matupu ruksa na kunywa ya kutosha. Mwenye kisukari apange na daktari lini achome insulini na lini asimamishe metformini, sukari ikizidi kama 11 kwenye kile kipimo cha kidole wengi watakuahirisha. Vaa sweta, hasa kama unaenda Nairobi mwezi wa saba, kwa sababu mwili ukipata baridi kuna mafuta fulani ya shingoni na mabegani yanaanza kuwaka na yenyewe yanachanganya msomaji wa picha. Na ukishachomwa utawekwa kwenye kachumba ulale kama saa zima kimya. Kimya kweli. Usitafune bigjii wala usipige stori kwenye simu, misuli ya taya na koo itang'aa afu mtaanza kutafuta ugonjwa ambao haupo.

Ya mifupa ni rahisi, unakula kawaida, unachomwa, unasubiri masaa 2 mpaka 4 huku unakunywa maji na kukojoa. Beba chakula, beba kanga au suruali ya akiba. Nasema hivyo kwa sababu dawa inatoka kwa mkojo na tone moja likidondokea nguo karibu na nyonga linaonekana kwenye picha kama doa la ugonjwa. Kojoa tena kabla ya kupanda kitandani, mkanda, sarafu na simu weka pembeni.

Haya, mionzi yenyewe sasa. Duniani kila mtu anapokea wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 2 mpaka 3 kwa mwaka kutoka ardhini, angani, kwenye chakula na hewa. Skani ya mifupa inakuongezea kama 4, CT ya tumbo inakaribia 8 mpaka 10, PET ikiunganishwa na CT inaweza ikafika 20 na ushee kutegemea mashine na mpangilio, eksirei ya kifua haifiki hata 0.1. Mfanyakazi wa idara kikomo chake ni 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka 5, na ndo maana unamuona na kibeji kifuani kinachopima alichopokea. Raia wa kawaida kikomo ni 1. Mgonjwa hana kikomo, na usishtuke, ni kwa sababu faida yako ndo inapimwa na hatari. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni moja tu na uliulize bila woga: majibu ya skani hii yatabadilisha matibabu yangu? Akisema hayabadilishi kitu, mnaanza mazungumzo upya.

Ila kama umeombwa kushiriki utafiti, hapo kaa chini kabisa, kwa sababu hiyo skani inaweza isiwe ya faida yako wewe, ni ya kujifunza. Uliza mionzi ya ziada ni milisiveti ngapi, ile ambayo usingeipata kama ungetibiwa kawaida. Wataalamu wa kimataifa wa kinga ya mionzi wamepanga madaraja: chini ya 0.1 ni hatari ndogo mno, 0.1 mpaka 1 ndogo, 1 mpaka 10 ya kati, na kuzidi 10 utafiti uwe na uzito wa kweli. Uliza kibali cha maadili kiko wapi, Tanzania kwa tafiti za kitaifa ni kamati iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, Kenya kuna kamati za maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na vyanzo vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki huku kwetu na KNRA, mamlaka ya nyuklia, kule Kenya. Uliza ukitaka kutoka katikati inakuwaje (jibu lazima liwe unatoka na matibabu yako yanaendelea), nani analipa nauli, ukidhurika nani anahusika, kama una mimba wanapima vipi, na majibu yako utapewa au yanaishia kwenye kompyuta yao. Wasikuone msumbufu. Kati ya 1945 na 1947 Marekani wagonjwa 18 walichomwa plutoniamu bila kuelezwa ukweli wa kilichomo, na ripoti ya kamati aliyoiunda Rais Clinton ilitoka 1995, miaka hamsini baadaye. Fomu ile ya kurasa nyingi unayopewa usaini ipo kwa sababu ya mambo kama hayo, kaisome nyumbani, na kama iko kwa Kiingereza kigumu omba ya Kiswahili.

Nyumbani baada ya skani. Kinga ni muda, umbali na kizuizi, na kwako wewe umbali ndo rahisi, ukisogea kutoka mita 1 mpaka 2 mwenzio anapokea robo tu. Kwa teknesiamu siku hiyo moja usimpakate mtoto kwa muda mrefu, kesho yake imebaki kidogo mno. Usiende kliniki na mjamzito wala watoto wa kukusindikiza, mchukue kaka. Chooni kaa hata kama we mwanaume, flashi mara mbili, nawa. Mtoto aliyepimwa figo, pampasi zake badilisha na glavu. Anayenyonyesha aulize, dawa nyingi za teknesiamu hazihitaji kuacha, nyingine utaambiwa ukamue masaa kadhaa, lakini ayodini 131 ni kuacha kabisa kwa mtoto huyo, na wanawake waliotibiwa nayo mara nyingi huambiwa wasubiri miezi 6 kabla ya kubeba mimba. Hiyo inapungua nusu kila siku 8, ndo maana masharti yake ni makali.

Na kama unarudi kwa ndege omba barua idarani kabla hujatoka, yenye jina la dawa, tarehe na simu yao, kwa sababu viwanja vingine vina mashine za kunusa mionzi na zinaweza kulia kwa siku kadhaa baada ya skani, kwa ayodini ya matibabu hata miezi. Barua hiyo inaandikwa dakika tano, ila ukiikumbuka ukiwa tayari foleni ya ukaguzi, idara imeshafungwa.