Ukitafuta shoti kwenye gari la zamani, weka balbu mahali pa fyuzi

Fyuzi ikikatika, weka nyingine ya kiwango kilekile. Ikikatika na hiyo, acha kubadilisha. Kuna shoti, yaani waya wa moto (unaobeba umeme) unagusa bodi mahali fulani, na kila fyuzi unayoongeza inaungua bila kukuambia ni wapi. Na tafadhali sana, usipandishe kiwango. Ukitoa nyekundu ya ampea 10 ukaweka ya kijani ya 30, au ukafunga kipande cha waya, kitakachoungua safari ijayo ni waya wenyewe ndani ya dashibodi. Magari huteketea hivyo.

Kabla sijashika chochote, namuuliza mwenye gari: inakatika lini? Ikikatika ukikanyaga breki, fuata njia ya taa za breki. Ikikatika ukiingiza rivasi, fuata ya rivasi. Ikikatika barabara ikiwa mbovu tu, kuna waya unasuguana na chuma. Jibu zuri hapo linakuokolea nusu ya kazi.

Sasa tengeneza kifaa. Chukua balbu ya taa kubwa ya wati 55, uiunganishe nyaya mbili. Ncha zake zichomee kwenye miguu ya fyuzi iliyoungua, kisha ichomeke mahali pa fyuzi. Sasa umeme wote wa njia hiyo unapita kwenye balbu, na hata shoti iwe kali vipi, hazitapita zaidi ya ampea 5 hivi. Waya hauungui, nawe unaweza kutafuta bila haraka. Balbu hiyo hupata moto sana; usiilaze kwenye kiti wala kwenye plastiki.

Washa swichi ya njia hiyo, kisha chomoa kimoja kimoja kila kinacholishwa na fyuzi hiyo: redio, honi, mota, toa na balbu za taa. Balbu yako ikizimika wakati umechomoa kitu fulani, kitu hicho au soketi yake ndiyo mbovu. Umechomoa vyote na bado inawaka kwa nguvu? Basi ni waya. Anza kuutikisa kidogo kidogo kutoka kwenye boksi la fyuzi kuelekea nyuma, jicho likiwa kwenye balbu. Ikipepesa au ikizimika, simama hapo hapo.

Mimi huanza na bawaba za milango na za buti, kwa sababu waya hapo hukunjwa kila mlango unapofunguliwa. Vuta mpira unaofunika nyaya. Utakuta ganda limekakamaa na kupasuka, shaba imeota ukijani, na kwenye chuma pembeni kuna mstari unaong'aa pale waya uliposugua. Mstari huo ndio ushahidi. Baada ya hapo angalia tundu nyaya zinapotoka chumba cha injini kuingia ndani, chini ya kapeti karibu na reli za viti, na popote zinapopita jirani na ekzosi. Ila kama gari limefungwa alamu au redio baadaye, anzia huko. Nyaya za nyongeza mara nyingi huungwa kwa kusokota na tepu, na tepu ikizeeka hubanduka. Nyaya za njano za mifuko ya hewa usizipime wala kuzitoboa.

Ukishapata, toa kwanza waya wa hasi wa betri. Kata sehemu iliyoharibika yote, unga kwa waya wa unene uleule, shikisha kiungo kwa risasi ya kuchomelea, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Tepu peke yake haitoshi. Ondoa na sababu pia: rudisha mpira wa tundu, funga waya mbali na ncha ya chuma.

Rudisha betri, balbu ikiwa bado mahali pa fyuzi na vifaa vikiwa bado vimechomolewa. Fungua na ufunge mlango, tikisa nyaya. Balbu isipowaka, rudishia vifaa na uweke fyuzi ya kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko cha boksi.